Fundi umeme aendaye Qatar: Riyali 1,800 si sawa na riyali 1,800

KATIKA ukurasa huu tumezoea kupima bidhaa kwa gunia, kwa debe na kwa tani. Wiki hii tunapima bidhaa isiyoingia ghalani wala kupita mizani ya bandarini, nayo ni ujuzi wa fundi umeme. Soko tunaloliangalia ni Qatar, nchi ndogo ya Ghuba yenye eneo la kilomita za mraba 11,600 hivi. Eneo hilo ni dogo kuliko Mkoa wa Kilimanjaro, lakini kwa mafundi wengi wa Afrika Mashariki jina la Doha limekuwa likitajwa kama zamani lilivyotajwa jina la migodi ya Afrika Kusini.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini ukurasa wa wafanyabiashara uandike habari za ajira. Jibu ni kwamba fedha za kumpeleka fundi Ghuba mara nyingi hutoka dukani. Mjomba huuza shehena yake ya mchele kabla bei haijapanda. Mama huvunja zamu yake ya upatu. Kaka huweka rehani pikipiki. Wote hao wamewekeza mtaji, hata kama hawakuuita hivyo, na mwenye mtaji ana haki ya kujua utarudi lini na utarudi na faida gani.

Hoja yetu wiki hii ni moja. Matangazo mawili ya kazi yanaweza kuandika tarakimu ileile, riyali 1,800 kwa mwezi, lakini moja likajenga nyumba na jingine likaacha deni. Tofauti haiko katika tarakimu bali katika maneno yanayoizunguka.

SOKO LILIVYO

Qatar ina wakazi wapatao milioni 3, na raia wake wenyewe ni kama mmoja katika kila kumi. Waliobaki ni wageni walioingia kwa kazi. Kwa hiyo karibu kila waya unaovutwa katika jengo la Doha huvutwa na mtu aliyetoka nje.

Msukumo mkubwa wa ajira ulikuja na maandalizi ya Kombe la Dunia lililochezwa kuanzia Novemba 20 hadi Desemba 18, 2022. Viwanja 7 kati ya 8 vilivyotumika vilijengwa upya, reli ya chini ya ardhi ya Doha ilianza kubeba abiria mwaka 2019, na mji mpya wa Lusail ukainuka kutoka mchangani. Kombe lilipomalizika, kazi za kujenga majengo mapya zilipungua. Fundi anayeuziwa leo habari za mwaka 2019 anauziwa bei ya msimu uliopita.

Hata hivyo, jengo likishamalizika halimfukuzi fundi umeme kama linavyomfukuza mwashi. Hoteli, vituo vya treni, hospitali na maghorofa vinahitaji matunzo kila siku. Katika nchi ambayo joto la kiangazi hupita nyuzi 40, kiyoyozi si anasa, na kinapozimika mwenye jengo hasubiri kesho. Hivyo soko limehama kutoka kwa fundi wa kuchimba kuta na kupitisha mabomba ya waya, likaenda kwa fundi anayejua kutafuta hitilafu, kusoma mchoro wa bodi, na kutengeneza mota na vidhibiti vya viyoyozi vikubwa.

Upande wa pili ni gesi. Qatar ilianza kuuza nje gesi iliyogandishwa kuwa kimiminika mwishoni mwa mwaka 1996. Februari 2024 shirika la QatarEnergy lilitangaza mpango wa kupandisha uwezo wake kutoka tani milioni 77 kwa mwaka hadi tani milioni 142 kabla ya mwaka 2030 kumalizika. Mitambo ya namna hiyo hula nyaya nyingi na mafundi wengi. Lakini haichukui kila fundi. Mahali penye gesi cheche moja ni maafa, kwa hiyo waajiri hutaka vyeti maalumu vya kazi za umeme katika mazingira ya mlipuko, kama cheti cha Uingereza kiitwacho CompEx. Fundi mwenye cheti cha aina hiyo hapangi foleni moja na fundi wa soketi na taa.

Upande wa tatu ni umeme wa jua. Kituo cha Al Kharsaah chenye uwezo wa megawati 800 kilizinduliwa Oktoba 2022, na mwaka 2025 vikafuata vituo vya Ras Laffan na Mesaieed vyenye jumla ya megawati 875. Ajira nyingi za sola ni za wakati wa kufunga paneli. Baada ya hapo hubaki mafundi wachache wa matunzo, lakini hao wachache ni wa kudumu.

FUNDI WETU ANAINGIAJE

Kuna jambo moja linalompunguzia fundi wa Afrika Mashariki ugeni. Qatar hutumia umeme wa volti 240 na mizunguko 50, na soketi ya pini tatu za bapa ileile tunayoichomeka Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Mila ya kazi ni ya Kiingereza kama ya kwetu, yaani saketi breka, waya wa ardhi na utaratibu wa kupima kabla ya kuwasha. Fundi aliyefundishwa vizuri VETA, au aliyefaulu majaribio ya NITA nchini Kenya, hatakuta mambo mapya kabisa. Atakachokikuta ni ukali wa ukaguzi. Shirika la umeme na maji la huko, Kahramaa, ndilo linaloidhinisha makandarasi na kukagua kazi kabla ya jengo kupewa umeme. Kiraka cha selotepu kinachopita kwetu huko kinarudishwa.

Ushindani ni mkubwa. India, Nepal, Bangladesh, Sri Lanka na Ufilipino zimekuwa zikipeleka watu Ghuba kwa miongo mingi, na fundi wa huko huwa na ndugu au jirani aliyemtangulia ambaye humwambia mapema kampuni ipi inalipa na ipi inachelewesha. Fundi wetu mara nyingi huwa na namba ya simu ya wakala tu. Katika biashara yoyote, mwenye habari hununua kwa bei nzuri na asiye na habari hununua kwa bei ya kuambiwa.

MSHAHARA WA CHINI

Qatar ilitunga Sheria Na. 17 ya 2020 iliyoweka kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wa mataifa yote, na ilianza kutumika Machi 20, 2021. Kima hicho ni riyali 1,000 kwa mwezi kama mshahara wa msingi. Mwajiri asipotoa malazi ya maana, anaongeza riyali 500. Asipotoa chakula, anaongeza riyali 300. Ukijumlisha unapata riyali 1,800.

Riyali ya Qatar imefungwa na dola ya Marekani kwa kiwango cha riyali 3.64 kwa dola moja. Kwa hiyo riyali 1,000 ni dola 275 hivi, na riyali 1,800 ni dola 495 hivi. Ili kupata shilingi, msomaji azidishe kwa bei ya siku katika duka la fedha la mtaani kwake. Kufungwa huko kuna faida kwa familia iliyobaki nyumbani, kwa kuwa shilingi inaposhuka mbele ya dola, fedha zitumwazo huongezeka kwa shilingi bila fundi kuongezewa mshahara. Shilingi ikipanda, mambo hugeuka.

Kima cha chini ni sakafu ya soko zima, kuanzia mfagiaji. Fundi umeme mwenye cheti na uzoefu anayekubali riyali 1,000 za msingi ameuza ujuzi wake kwa bei ya asiye na ujuzi.

MSINGI NDIO MTAJI

Sasa turudi kwenye matangazo yetu mawili. La kwanza linasema: mshahara jumla riyali 1,800. La pili linasema: mshahara wa msingi riyali 1,800, malazi na chakula kwa mwajiri.

Katika tangazo la kwanza, neno "jumla" limemeza posho zote. Msingi ni 1,000, na 800 zilizobaki ni za kitanda na chakula. Fundi atapanga chumba na wenzake, atanunua unga na mboga, na 800 zitakwisha. Riyali 1,800 zilizotangazwa zimekuwa 1,000. Katika tangazo la pili, 1,800 zote zinaingia mfukoni.

Tofauti haiishii hapo. Sheria ya Kazi ya Qatar, Na. 14 ya 2004, imeweka saa 8 za kazi kwa siku na 48 kwa wiki, na katika mwezi wa Ramadhani saa 36 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa kwa mshahara wa msingi na nyongeza isiyopungua asilimia 25. Tugawe mshahara wa msingi kwa siku 30 na kwa saa 8. Mwenye msingi wa 1,000 atapata riyali 5.20 hivi kwa saa ya ziada. Mwenye msingi wa 1,800 atapata riyali 9.40 hivi. Wakifanya saa 40 za ziada kwa mwezi, wa kwanza anaongeza riyali 208, wa pili 375, kwa jasho lilelile.

Kadhalika kiinua mgongo. Sheria inampa mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja au zaidi mshahara wa msingi wa wiki tatu, kwa uchache, kwa kila mwaka aliotumikia. Kwa mkataba wa miaka miwili, mwenye msingi wa 1,000 ataondoka na riyali 1,400, na mwenye msingi wa 1,800 ataondoka na 2,520.

Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi, mjomba au mkopeshaji lisiwe "utalipwa ngapi?" Liwe "msingi wako ni ngapi?"

GHARAMA YA KWENDA

Hapa ndipo mitaji mingi huzama. Sheria ileile ya Qatar inamkataza mwenye leseni ya kuleta wafanyakazi kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi, na nauli ya kurudi mkataba unapoisha ni ya mwajiri. Nepal ilikwenda mbali zaidi mwaka 2015, ikaweka sera kwamba viza na tiketi ya mfanyakazi wake anayekwenda nchi za Ghuba na Malaysia zilipwe na mwajiri. Pamoja na hayo, ada za chini ya meza hazijaisha popote ambako watu ni wengi kuliko nafasi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Fundi wa tangazo la kwanza ametozwa dola 1,500, fedha hakuwa nazo, akakopa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, mikopo ile ambayo mitaani inaitwa kausha damu. Anapata riyali 1,000 zake, anabakiza 250 kwa simu, sabuni, nguo na dharura, na anatuma 750, yaani dola 206 kila mwezi.

Mwezi wa kwanza riba peke yake ni dola 150. Zinazopunguza deni ni dola 56. Baada ya miezi 6 familia imeshalipa dola 1,236, lakini deni limepungua kwa dola 432 tu. Litakwisha mwezi wa 14, na kufikia hapo waliolipa dola 1,500 watakuwa wamelipa zaidi ya dola 2,800. Katika miezi 10 iliyobaki ya mkataba, nyumbani zitaingia zaidi kidogo ya dola 2,100. Hayo ndiyo mavuno ya miaka miwili ya jua la Ghuba.

Fundi wa tangazo la pili, aliyekwenda kwa njia halali bila ada wala kausha damu, naye akabakiza 250, anatuma riyali 1,550, yaani karibu dola 426 kwa mwezi. Kwa miezi 24 ni zaidi ya dola 10,200. Hapo hatujahesabu saa za ziada wala kiinua mgongo.

Wote wawili walisoma tangazo la riyali 1,800. Mmoja amerudi na karibu mara tano ya mwenzake. Katika shule ya biashara tulifundishwa kwamba faida hupatikana wakati wa kununua, si wakati wa kuuza. Kwa fundi, kununua ni siku ya kusaini.

HAKI ZAKE AKISHAFIKA

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yaliondoa sharti la mfanyakazi kupata kibali cha mwajiri wa zamani ili ahamie kwa mwingine. Sasa anatakiwa kutoa taarifa ya mwezi mmoja kama ametumikia hadi miaka miwili, na miezi miwili kama amezidi hapo. Kwa fundi mzuri hii ni silaha ya bei: anaweza kuanza kwa mshahara wa kawaida, akajulikana, kisha akatafuta anayelipa zaidi.

Aidha, tangu mwaka 2015 mishahara inatakiwa kupitia benki ili serikali iweze kuona nani kalipa na nani hajalipa, na mwajiri hana ruhusa ya kushikilia pasipoti ya mfanyakazi. Sheria hizi zipo, lakini malalamiko ya mishahara iliyochelewa na pasipoti zilizofungiwa yameendelea kusikika baada ya kutungwa kwake. Fundi awe na nakala ya mkataba wake na ya pasipoti yake mahali pengine zaidi ya begi lake, ikiwezekana kwa ndugu aliyebaki nyumbani.

HATARI

Hatari ya kwanza ni joto. Kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, kazi za nje zimepigwa marufuku kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 na nusu alasiri, kwa utaratibu ulioanza mwaka 2021. Kijana mwenye shinikizo la damu au maradhi ya figo asidanganye katika vipimo.

Ya pili ni siasa ya eneo hilo. Juni 23, 2025 Iran ilirusha makombora kuelekea kambi ya kijeshi ya Al Udeid iliyoko Qatar, na anga ikafungwa kwa muda. Septemba 9 mwaka huohuo Israeli ilishambulia Doha. Mwenye mtaji asiweke mayai yote katika kapu la Ghuba.

Ya tatu ndiyo hutajwa kidogo: mkataba unaobadilika ukishavuka bahari. Kijana amesaini fundi umeme Dar es Salaam, akifika anapewa karatasi nyingine iliyoandikwa kibarua. Cheo kinachoandikwa katika mkataba na viza ndicho kinachobeba bei. Kikiwa "kibarua", vyeti vyote vya ufundi vinabaki kuwa mapambo.

NA ANAYEBAKI?

Kabla ya kufunga begi, fundi ajiulize anaacha nini. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, na mitambo yake yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Umeme huo hauna maana mpaka ufike kwenye nyumba, mashine ya kusaga na jokofu la samaki, na wa kuufikisha ni fundi mwenye leseni ya EWURA. Kenya nako, fundi mwenye leseni ya EPRA anaruhusiwa kazi ambazo asiye nayo anazifanya kwa kujificha.

Anayepata kazi za uhakika hapa nyumbani akusanye mapato yake ya miezi 12, atoe gharama, na aweke hesabu hiyo pembeni ya hesabu ya Qatar. Akikuta tofauti ni ndogo, abaki. Akikuta ni kubwa, aende akiwa na mpango wa kurudi na ujuzi ambao hapa ni adimu, kama vile viyoyozi vikubwa, bodi za njia tatu na vidhibiti vya mota. Fundi wa namna hiyo akirudi na akiba hufungua karakana, na wenye hoteli humtafuta.

USHAURI WA WIKI

Kwa fundi: hakikisha mkataba umeandika cheo, mshahara wa msingi, nani analipa malazi, chakula na tiketi, na saa za kazi. Kisichoandikwa hakipo. Wakala athibitishwe kwanza kwa TaESA kwa Tanzania, au kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira (NEA) kwa Kenya. Safari ya viza ya matembezi kwa ahadi ya kazi iachwe kabisa.

Kwa anayetoa mtaji: usikopeshe fedha kabla ya kuusoma mkataba mwenyewe. Ukiona "jumla" mahali pa "msingi", simamisha. Ukiambiwa kuna ada ya kupata kazi, jua kwamba unamlipia mwajiri gharama zake. Kama ni lazima kukopa, ukope chama cha akiba na mikopo, na deni lilingane na kile kinachoweza kutumwa katika miezi 6 bila kumnyima fundi chakula.

Kwa mfanyabiashara wa vifaa: mafundi wanaojiandaa kwa Ghuba wanahitaji mita za kupimia, glovu, viatu vya usalama na mazoezi ya kusoma michoro kwa Kiingereza. Vyuo vya mitaani vinavyofundisha wayaringi ya nyumba ni vingi; vinavyofundisha kutafuta hitilafu katika bodi ya viyoyozi ni vichache. Mwenye chumba, bodi mbili chakavu na mwalimu mmoja mzuri ana biashara mkononi.

Hali ya soko kwa muhtasari: fundi wa majengo asiye na cheti, bei imelala. Fundi wa matunzo na viyoyozi, bei inasimama imara. Fundi wa mitambo ya gesi mwenye vyeti maalumu, bei ni yake kuitaja.